Siagi ya Ubao Mmoja

Siagi haitaki haraka. Niliitoa kwenye friji asubuhi, ikalainika yenyewe mezani, nikaiponda na kitunguu saumu na chumvi. Nikaipaka juu ya ubao kwa mgongo wa kijiko, nikaimwagia asali, mkate wa moto pembeni. Sahani sikuweka hata moja. Makusudi!

Sababu ni mume wangu, seremala, kichwa kigumu kuliko mbao zake. Tangu binti yetu aolewe na fundi magari bila idhini yake, hamsemeshi. Nilipomkumbusha kwamba mtoto akinyea kiganja hakikatwi, alinijibu kwamba yeye ni seremala, msumeno anao.

Lakini ana mwiko aliourithi kwa baba yake: ukishachovya katika chombo kimoja na mtu, ugomvi umekwisha, hakuna kurudi nyuma. Na mwiko huo hautajwi. Ukiutaja tu, atasema umemtega, ainuke aende zake. Basi nikafunga mdomo, nikatengeneza siagi, maana kwa siagi hana ujanja. Kesho yake binti na mumewe walikuwa wanahamia mbali kikazi. Kama si siku ile, basi tena.

Walipokuja kutuaga, binti alipoiona meza akaelewa. "Mama wee, una vituko," akaninong'oneza, machozi yakimlengalenga. Akachovya wa kwanza. Mumewe akafuata, nami nikafuata. Mzee wangu mikono magotini, anameza mate.

"Baba watu, mkate unapoa," nikamwambia. "Au unangoja ukaribishwe nyumbani kwako?"

Akaguna. Akamega mkate. Mkono wake ukanyanyuka, ukavuka vikombe vya chai, ukaelekea kwenye ubao. Haki ya Mungu, nilishaanza kushukuru kimoyomoyo.

Mkwe wangu akaruka. Mtoto wa watu ana adabu zake, aliona aibu mzee anyooshe mkono wakati yeye kijana yupo.

"Ngoja baba, usijisumbue!"

Akatwaa kisahani cha kikombe chake, akachota siagi pale penye asali nyingi, akakiweka mbele ya mzee kwa mikono miwili.

Nilitaka kupiga yowe. Ningesema nini, kwamba heshima yake inatuua? Binti yangu aliacha kutafuna, kipande mdomoni.

Mzee akakitazama kile kisahani. Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Ahsante," akasema. Akala yote, akakipangusa kisahani kwa mkate mpaka kikatakata, ubao hakuugusa. Nilikata tamaa pale pale, nikaona hata kumimina chai siwezi.

Binti hakumlaumu mumewe. Alimpangusa makombo kwenye shati tu, akasema mizigo bado haijafungwa, waende. Akamuaga baba yake. Baba yake akawa anaangalia dirishani.

Mlangoni mkwe wangu akanishika mikono yote miwili, uso unamng'aa.

"Mama, leo nitalala kwa raha. Umeona? Mzee amepokea kwa mkono wangu, akamaliza. Amenikubali!"

Binti yangu alikuwa ametangulia barabarani, ametupa mgongo, mabega yanamtikisika.

"Ndiyo, mwanangu," nikamjibu. "Amekukubali. Nendeni salama."