Mikono ya Vesna katika Chumba cha Nne

Vesna Juric alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akivaa soksi za kazini alipoona kwamba miguu yake imekuwa ya manjano. Umanjano haukuenea kote. Ulikaa katikati ya mishipa, na mishipa yenyewe ilibaki ya kijani, imejichora vizuri kutoka kwenye kifundo hadi vidoleni. Aliitazama kidogo, akavaa soksi, akala mkate wake uliopakwa Vegemite, ule urojo mweusi wa chumvi, akiwa amesimama, kisha akaendesha gari kupita mashamba ya mizabibu hadi kazini.

Jengo lilikuwa nje kidogo ya mji wa Mildura na halikuwa na dirisha hata moja. Ndani yake bangi ya dawa ilioteshwa kwa kibali cha serikali, vyumba vinane, kila chumba na msimu wake. Kazi ya Vesna ilikuwa kukagua majani. Asubuhi hiyo, katika Chumba cha Nne, mimea ilikuwa katika wiki ya tatu ya maua. Alipochuchumaa aliona majani ya chini yamekuwa ya manjano katikati ya mishipa. Akavua kiatu na soksi, akauweka mguu kando ya jani.

Seini Taufa, mama wa Kitonga, mtu wa visiwani, aliyekuwa akipunguza matawi kwenye mstari uleule, aliinama kutazama.

"Shoga, mguu wako umekosa magnesi."

"Naona."

"Wangu umekosa likizo."

Msimamizi, ambaye wote walimwita Locky, alikuja na ubao wake wa kuandikia. Akatazama jani, akatazama mguu, akaandika. Majibu ya maabara yalikuja baada ya siku tisa, nayo yalisema ni upungufu wa madini ya magnesi. Kufikia hapo mimea ilikuwa imeshapewa, na ngozi ya zamani ya Vesna ilikuwa imebambuka na mpya kuota chini yake. Locky hakuwa mtu wa kupoteza nafasi. Aliongeza ukurasa kwenye kitabu cha taratibu: mwili wa V. Juric ukaguliwe kila asubuhi, kabla ya glavu. Watu wanne wakatia saini.

Miguu ilikuwa majani ya chini, mikono majani ya juu. Hakuna aliyeamua iwe hivyo. Naitrojeni ilipopungua, mapaja yake yalipauka. Maji yalipozidi, vifundo vilivimba na kulegea. Jioni alirudi kwenye nyumba yake ndogo nyuma ya kituo cha mafuta, akachemsha viazi, akaenda kulala mapema, maana mtu mwenye rangi ya namna ile hukwepa kukaa barazani.

Katikati ya Januari, joto la nje lilipofika nyuzi arobaini na nne, mikono ilianza. Kingo za viganja zilijikunja juu kama mtumbwi. Ncha za vidole zilikauka, zikawa za kahawia na kukwaruza shuka. Miguu ilikuwa mizima kabisa.

Vesna alijua. Njaa huanzia chini, kwa sababu mmea hunyang'anya majani yake ya zamani ili kulisha mapya. Tatizo hili lilianzia juu. Alipanda ngazi na kipimajoto cha mkononi, akakielekeza kwenye majani yaliyo karibu na taa. Nyuzi thelathini na nne. Mimea ilikuwa imerefuka sana katika wiki za mwanzo, na taa zilikuwa palepale. Juu ya maua yalianza kuota maua mengine membamba, kichwa juu ya kichwa, kama kitu kinachojaribu kutoroka.

Kipimajoto cha chumba kilining'inia mlangoni, mbele ya tundu la hewa baridi. Kilisoma ishirini na tano.

"Ni joto, Locky," alisema. "Taa zipandishwe nusu mita. Leo."

"Taa hupanda kipimo kikivuka ishirini na nane."

"Kipimo kiko mlangoni. Mlangoni hakuna mmea."

"Ndipo kilipoidhinishwa, dada. Nikikihamisha, kibali cha chumba kinaanza upya. Miezi minne." Akaitazama mikono ya Vesna kwa huruma ya kweli. "Mimi nakuamini. Lakini kingo kuungua hivi ni kalisi. Tuongeze kalisi na magnesi."

Alipoondoka, Seini alisonya. "Huyu hata mkewe akinuna, atamtilia kalisi na magnesi kwenye chai."

Mbolea ikaongezwa. Mimea, ambayo kwa joto lile ilikuwa ikinywa mara mbili, ilinywa chumvi yote. Ngozi ya mikono ya Vesna ikawa ya kijani cha giza, inang'aa, na vidole vikapinda chini kama kucha za mwewe huku viganja vikiwa bado vimejikunja juu. Kila alichokila kilikuwa na ladha ya chumvi. Funguo alizizungusha kwa meno.

Ilikuwa wiki ya sita. Katika wiki ya sita mmea wa maua hautoi tena majani mapya, na jani lililoungua halirudi kuwa zima. Mmea utavunwa na majani uliyo nayo. Vesna alikuwa amewafundisha hayo wafanyakazi wapya miaka mitano. Sasa aliyahesabu kwa mikono yake mwenyewe: kama taa hazitapanda wiki hii, mikono itabaki hivi.

Seini alimwalika chakula cha Jumapili baada ya kanisa. "Nimefunga lu, nyama ya kopo na nazi ndani ya majani ya magimbi, majani nimeyatoa kwa binamu yangu. Njoo. Tutakulisha kama askofu." Vesna alisema atakuja. Jumapili aliegesha gari upande wa pili wa barabara, akasikia watu wanacheka uani, akatazama vidole vyake kwenye usukani, akarudi nyumbani.

Jumatatu, kabla ya Locky kufika, alikitoa kipimajoto mlangoni akikibana kati ya vifundo vya mikono, akapanda ngazi, akakining'iniza katikati ya majani ya juu. Kilisoma thelathini na nne. King'ora kikalia. Taa zikapanda zenyewe kwa minyororo yake, taratibu, na hewa baridi ikavuma chumba kizima. Vesna akakaa kwenye ngazi. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilinyooka kwanza, kisha cha pembeni yake. Ilichukua saa moja na nusu.

Locky alikuja, akakirudisha kipimajoto mlangoni. Hakukasirika. Taa zikashuka. Akajaza fomu ya ukiukaji wa utaratibu na kumpa Vesna atie saini. Vidole vilikuwa vimeshaanza kujikunja tena, kwa hiyo alitia dole gumba.

Mavuno yalikuwa mepesi, maua yamejaa hewa, lakini nguvu ya dawa ilivuka kiwango cha chini kwa tarakimu moja. Katika kikao ilisemwa kwamba Chumba cha Nne kimefaulu, na kwamba mikono ya V. Juric ilionyesha joto siku kumi kabla ya mtu mwingine yeyote. Ikaingizwa kwenye orodha ya vifaa. Ikabandikwa stika ya namba kwenye kila kifundo, na kwa kuwa sasa ilikuwa kifaa, ilikatazwa kuguswa bila sababu ya kikazi.

Mwezi wa tatu alikuja mhakiki wa vipimo kutoka Melbourne, bwana mmoja mpole anayeitwa Petrakis. Alimkalisha Vesna kwenye chumba cha chai, akaosha mikono yake mwenyewe, akaipasha hadi nyuzi thelathini na sita. Kisha akaushika mkono wa Vesna kati ya mikono yake miwili. Utaratibu ulitaka dakika kumi na moja kwa kila mkono.

"Unauma?"

"Ndiyo."

Akaandika. "Wapi zaidi?"

"Nchani."

"Vizuri sana. Sijawahi kuona kifaa sahihi namna hii."

"Na kile cha mlangoni?"

"Nimekipima asubuhi. Pale kilipo, kinasoma sawasawa."

Nyuma ya ukuta waliingiza miche mipya Chumba cha Nne. Magurudumu ya toroli yalisikika. Petrakis alitazama saa yake, akaufungua mkono wa kulia na kuubandika stika mpya yenye tarehe, kisha akauchukua wa kushoto.

"Unarudi lini?" Vesna akauliza.

"Kifaa hukaguliwa mara moja kwa mwaka."

Vesna akaitikia kwa kichwa. Zilipopita dakika saba Petrakis alisema kwamba kwa kweli usomaji ulikuwa umeshatulia, wanaweza kumaliza mapema.

"Imeandikwa kumi na moja," Vesna akasema.

Petrakis akafungua kitabu cha taratibu kwa kiwiko, akakuta ni kweli, akaendelea kuushika.