Goti la Manyoni

Mbwa wangu anaitwa Manyoni kwa sababu ndiko tulikokutana, pale stesheni, yeye akinusa gunia langu na mimi sina wa kuongea naye. Toka hapo tumekwenda pamoja kila nilikopata kibarua: Itigi, Bahi kwenye mpunga, Kongwa, mpaka vilima vya Mpwapwa. Tulikuwa njiani kwenda Kondoa kuvuna mbaazi, tukapita Mkonze kumsalimu Yotham, mtani wangu wa siku nyingi. Yeye Mgogo, mimi Mnyamwezi. Nilipanga tulale na kuondoka.

Asubuhi Manyoni akamfukuza sungura katika shamba la uwele lililokwisha vunwa. Sungura akakata kona, naye akakata. Nikasikia mlio mmoja mfupi. Aliporudi, mguu wa nyuma wa kulia ulikuwa juu, ncha za kucha tu zikigusa udongo.

Yotham akatia chuma motoni. Ng'ombe wake akichechemea humchoma juu ya kiungo, na wengine hupona.

"Mshike kichwa," akaniambia.

"Huyu si ng'ombe, mtani."

"Najua. Angekuwa ng'ombe ningekuwa na haraka zaidi."

Mkewe, Loisi, akasema chuma kisubiri. Akampigia simu daktari wa mifugo, binti mmoja aitwaye Asnath, akaja na pikipiki kutoka Miyuji. Akaniamkia, akamlaza Manyoni ubavu, akashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mkono wa pili, akasukuma taratibu. Ule mfupa wa chini ukateleza mbele.

"Umeona, mzee? Unatoka kama mtoto wa meza. Ndani ya goti kuna ukano unaoizuia mifupa hii isipishane. Wake umekatika."

"Utaunga?"

"Hauungi. Ila huyu ni mwepesi. Akitulia, goti lenyewe hujikaza pembeni, na nyama za paja zikirudi zinasaidia kulishika. Angekuwa mzito ningekwambia umtafutie mtu wa kumpasua."

"Atulie mpaka lini?"

"Ni miezi, mzee wangu. Asikimbie, asiruke, umfunge. Na vile vidonge vyako vya maumivu usimpe, vitamuua. Nitakuachia vyake."

Miezi. Mimi toka nimepata akili zangu sijakaa mahali miezi bila kuwa nimefungwa na mkataba au na ugonjwa. Na malengelenge yangu, na kifundo kilichoteguka kule Itigi, vyote niliviponya kwa kutembea. Lakini goti lile nililiona kwa macho likiteleza. Nikijikokota naye hadi Kondoa atalemaa. Nikimwacha, atakaa barabarani akitazama kila mzee mwenye gunia. Nikasema nitabaki mpaka apone, kisha twende zetu sote wawili.

Nikamfunga kwenye nguzo ya kibaraza. Hapo ndipo nilipokosea, na si mimi tu. Kwa wafugaji wa pale mbwa hafungwi. Anayefungwa ni yule aliyekula mayai au kumrarua mwanambuzi, anangoja kuuawa. Watu wakipita walimtazama Manyoni, kisha wakanitazama mimi, wakaniitikia salamu kwa ubaridi. Siku nimekwenda kisimani, Bibi Klara, jirani, akaja kimya kimya akamkata kamba.

"Kimbia, mama," akamwambia. "Nenda mbali."

Manyoni akatii. Akatimua mbio kuwafuata kuku wa watu mpaka bondeni. Jioni goti limevimba kama kibuyu, na Asnath akasema tuanze upya.

Bibi Klara alipoelezwa, alikaa chini kabisa.

"Mimi nilijua unamuua. Nikasema Yotham naye, kutuletea katili hapa kwetu."

"Ungeniuliza, bibi."

"Nani humuuliza mwuaji?"

Yotham alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka siku ile.

Loisi ndiye aliyepata njia. Pembeni ya zizi kuna kibanda kidogo cha kuwafungia wanambuzi mama zao wakienda malishoni. Kiumbe kilichofungiwa humo hakuna anayekionea huruma, kila mtu anajua kinatunzwa. Tukamwingiza Manyoni. Wanambuzi wakampanda mgongoni, akawangurumia mara moja, wakashika adabu.

Mimi nikakaa nje ya mlango. Asubuhi na jioni nilimtoa kwa kamba fupi, khanga kuukuu ya Loisi nimeipitisha chini ya tumbo lake kumpunguzia uzito, hatua chache tu na kurudi. Baadaye hadi kichuguu. Baadaye bila khanga. Asnath alinifundisha kushika mapaja yote mawili kwa viganja: lile la kulia lilikuwa jembamba kama la mgonjwa, likaanza kujaa polepole. Nilijifunza vitu vingine pia. Kwamba Loisi huimba akipepeta. Kwamba kile kilima cha upande wa Kigwe hubadilika rangi, nami nimekipita miaka yote nikidhani ni cha kijivu.

Mvua zilipokaribia, Asnath akaja akasukuma tena ule mfupa. Safari hii haukuteleza kama mwanzo.

"Limejikaza. Umefanya kazi, mzee."

"Basi Kondoa atafika."

"Kwa gari atafika. Kwa miguu, hapana. Aliyekatika goti moja mara nyingi hukatika na la pili. Atembee, lakini karibu na nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Alidhani namtania, akatabasamu, akawasha pikipiki.

Jioni nikamkuta Yotham akitengeneza ua wa miiba.

"Kile kipande nyuma ya zizi kinalimwa na nani?"

"Na mawe."

"Nipe mimi."

"Mnyamwezi? Mvua ya kwanza ikinyesha utakuwa Singida."

"Mbwa haendi."

"Sijakuuliza habari za mbwa."

"Na hilo ndilo jibu langu."

Akanitazama, mwiba ungali mkononi. Nilingoja utani, haukuja.

"Basi kesho uanze mapema," akasema. "Yale mawe ni mengi, na mimi mgongo siutoi."

Nilianza alfajiri. Jua lilipochomoza Manyoni akaja kwa mwendo wake, akachagua mahali, akalala.