Dakika Nne za Yunxi

Bi Tan Guizhen alipaka lehemu laini kwenye bodi ya saketi, kazi aliyolipwa kuifanyia nyumbani, akapanga juu yake vipande vyeusi vidogo kama ufuta, kimoja kimoja kwa kibano, kisha akaisukuma ndani ya oveni ndogo ya kuokea mkate. Ilikuwa saa saba mchana, Shenzhen, ghorofa ya tano. Lehemu ilipoanza kung'aa, binti yake Yunxi, aliyefariki mwezi wa tatu, akaketi mezani.

"Mama, umekonda. Unakula kweli?"

"Nakula. Vua viatu, nimepiga deki."

Alikuja kila oveni ilipopata moto, akakaa mpaka mlango ufunguliwe. Hazikuzidi dakika nne. Zaidi ya hapo bodi huungua. Majirani walimzoea, wakawa wanamletea mbegu za alizeti.

Siku moja Yunxi alieleza kilichomuua. Kwenye kiwanda alichofanyia kazi, ng'ambo ya barabara, walifuta vioo vya simu kwa dawa inayokauka upesi, madirisha yakiwa yamefungwa. Vidole vilianza kufa ganzi, ikafuata miguu, mwisho pumzi. Kiwanda kiliandika kwamba alizaliwa na moyo mbovu.

Mama akamwita Meneja Fang wa kiwanda hicho. Alikuja na mfuko wa machungwa, akavua viatu, akangoja oveni ipate moto.

"Yunxi, hujambo?"

"Sijambo, meneja. Ile dawa bado mnaitumia?"

"Bado. Bei yake nzuri."

Alimsikiliza mpaka mwisho, hata machozi yakamlengalenga.

"Nimekuelewa, mdogo wangu. Ila malalamiko sharti uje kuyatia sahihi mwenyewe ofisini, na ofisini hatuna oveni." Akamgeukia mama. "Mama Tan, tusilaumiane."

Akamaliza chai yake, akaaga, akashuka ngazi.

Mama hakufungua mlango wa oveni. Dakika ya tano ikapita, na ya sita. Moshi ukaanza kutoka.

"Mama, fungua. Bodi zinaungua."

"Acha ziungue."

"Halafu kesho nani atakupa kazi? Acha utoto, Mama."

Mama akamshika mikono yote miwili, akaikaza.

"Nimekushika. Unasikia?"

Yunxi aliitazama mikono ile kwa muda.

"Sisikii kitu. Lakini naona umenishika."

Akajinasua taratibu, akaufungua mlango wa oveni mwenyewe. Ng'ambo ya barabara, wasichana wa zamu ya alasiri walikuwa wakiingia kiwandani, wakicheka.