Jicho la Kushoto

Askari wangu wa sanamu ana urefu wa kidole gumba, na tangu nimalize chakula cha mchana nimelifuta jicho lake la kushoto mara saba. Miaka kumi na mmoja sikuwa nimeshika brashi. Rangi nyeusi niliikuta imeganda chupani kama lami, nikanunua nyingine. Mkono ndio hauuzwi dukani.

Pembeni nimemweka askari wa zamani, wa mwisho kumpaka rangi kabla sijaacha, nipate kumwiga. Huyo ndiye fahari yangu. Hakuna mgeni aliyekanyaga nyumba hii nisimwonyeshe. Macho yake niliyamaliza kwa nukta mbili tu, bila kufuta.

Mara ya nane nikasuuza brashi kwenye chai badala ya maji. Nikasonya.

Mke wangu akaja, akaniwekea miwani yake ya kusomea mezani. "Baba watoto, vaa."

"Sijazeeka."

"Sijasema umezeeka. Nimesema vaa, kabla hujainywa hiyo chai."

Nikavaa shingo upande. Askari mpya alikuwa na makengeza, hilo nililijua. Nikamwinua yule wa zamani, angalau nijiliwaze kwa kazi safi.

Jicho moja lilitazama bunduki, la pili lilitazama sikio.

Nilimgeuza huku na huku, nikaifuta miwani, nikamtazama tena.

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza mke wangu.

"Wageni ndio walioniambia," akasema, akachukua kikombe akaenda kukimwaga.