Kibaraza cha Usiulize

Kwanza ilikuja filimbi, kisha kikohozi. Pwiii, halafu kho.

Mpiga pasi alikuwa chumbani, amepiga magoti, anakunja shuka. Mikono yake ikasimama hewani. Sauti ilitoka uani, upande wa bomba, na aliijua kama mama anavyojua kilio cha mwanawe kati ya vilio vya watoto wa mtaa mzima. Hapakuwa na kitu kingine duniani kilichoanza kwa filimbi kikamalizia kwa kikohozi. Ni yule bata wa mpira wa rangi ya manjano, aliyetobolewa ubavuni na jino la Bwana Afya.

Amerudi, alijisemea. Akatoka mbio, miguu mitupu, shuka likimfuata hadi mlangoni kabla halijaanguka.

Bwana Afya alikuwa mbwa wao. Jina hilo alipewa na wapangaji wa nyumba ile kwa sababu kila asubuhi alipita mlango kwa mlango akinusa masufuria, kama mkaguzi wa afya mwenye barua ya serikali mfukoni. Akikaa sana mlangoni kwako, majirani walicheka, wakajua jana hukuosha vyombo. Katika wiki ya mvua kubwa alitoweka, na tangu hapo mpiga pasi hakuwa na raha ya kukaa wala ya kulala. Akitoka kazini, kwenye duka la dobi, alizunguka vichochoro akiliita jina lake hadi sauti ikamkauka. Alikonda. Aliunguza shati la mteja kifuani, pasi imelala juu yake na macho yake yako dirishani, na mwenye duka akamwambia bila kuinua sauti kwamba likiungua lingine atafute pa kwenda.

Watu walimshangaa. Mbwa tu, walisema. Hawakujua, au walijua wakasahau, kwamba mbwa hakuwa wake. Alikuwa wa mwanawe wa pekee, aliyemwokota akiwa mdogo kama kiatu, akamlea kwa maziwa ya kijiko, kisha akaenda mbali kufanya kazi ya ujenzi. Siku ya kuondoka kijana alimwekea mama yake kamba ya mbwa kiganjani, akakifunga kiganja kile kwa mikono yake miwili. Kila Jumapili alipiga simu, na swali lake la kwanza lilikuwa Bwana Afya hajambo. Mama alijibu amelala. Jumapili iliyofuata alijibu ametoka kidogo. Uongo ukamganda kooni kama mwiba wa samaki: haushuki, hautoki.

Na leo ilikuwa Jumapili.

Uani hapakuwa na Bwana Afya. Bata alikuwa kinywani mwa Kibarua, mtoto wa mbwa wa Mama Vifungo, jirani wa chumba cha pembeni. Mama Vifungo mwenyewe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anafua na kusema, wanawake wenzake wamemzunguka. Alikuwa fundi cherehani, na jina lake lilitokana na tabia ya kukata vifungo vya kila nguo kabla haijawa tambara. Ilisemekana shati la mumewe lilikuwa salama pale tu lilipokuwa mwilini.

Mazungumzo yalikuwa yale ya kila siku pale bombani: nani kapata nini bure, nani kakigeuza kuwa nini. Mmoja alikuwa na birika lisilo na mfuniko, mwingine mfuniko usio na birika, na wote wakashauri waoane. Mama Vifungo akawashinda. Alisema matajiri wanaingia dukani kumnunulia mbwa mpira, mfupa wa plastiki, na mto wa kulalia, lakini Kibarua wake amepata bata, soksi iliyojazwa vitambaa, na duara la tairi ya baiskeli kwa safari moja tu. Na bata mwenyewe, alisema, ana kifua, mpelekeni hospitali. Wakacheka.

Kicheko kilikatika walipomwona mpiga pasi amesimama, hana viatu, mkono mdomoni.

"Umempata wapi huyo bata?"

Mama Vifungo alipiga povu la sabuni kwa kiganja, akalitazama likipasuka. "Shoga yangu, hilo swali hapa hatuulizi."

"Leo naliuliza."

Ni kweli, lilikuwa swali lisiloulizwa. Kando ya geti palikuwa na kibaraza kifupi cha saruji ambacho zamani kilibeba tangi la maji. Tangi lilipoliwa na kutu, kibaraza kikabaki, na wapangaji wakakipa kazi nyingine. Usichokihitaji, unakiweka pale wakati hakuna anayekuona. Unachokihitaji, unakichukua. Aliyeweka hatajwi, aliyechukua hashukuru, na hakuna mwenye ruhusa ya kuuliza hiki kilikuwa cha nani. Ndiyo maana kiliitwa Usiulize. Mtu aliweza kuvaa blauzi ya jirani yake, akapita mbele yake, wakasalimiana kana kwamba ilishushwa na mawingu. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini iliheshimiwa kuliko zile za mwenye nyumba zilizobandikwa ukutani. Iliwasitiri wote: maskini wa jana na maskini wa kesho.

Mama Vifungo aliutazama uso wa mwenzake, akaona sheria haina nguvu mbele ya uso ule.

"Kwenye kibaraza," alisema. "Asubuhi. Vilikuwa kwenye ndoo ya rangi, juu vimefunikwa gazeti. Nilivijua, sitakudanganya. Nikasema moyoni, masikini, hatimaye amekubali. Mungu amtie nguvu."

Mpiga pasi hakuwa amekubali chochote. Kila jioni alitoa vile vichezeo kwenye ndoo chini ya kitanda, akavipanga mlangoni ili mbwa akipita popote karibu avute harufu yake mwenyewe aijue njia. Kila asubuhi alivirudisha. Leo alfajiri alivirudisha, akatoka kwenda kumtafuta mbwa upande wa soko, aliporudi hakuinama kutazama uvunguni. Nani huinama kutazama kilichopo?

Mwanamke mmoja alidokeza kwamba labda ni wezi. Mama Vifungo akamuuliza ni mwizi gani anayeacha redio akaiba soksi ya mbwa, tena akaja kuigawa sadaka. Hakuna aliyecheka. Wote walijua mlango wa mpiga pasi una funguo mbili, mmoja wa mke na mmoja wa mume, na kila mmoja akapata ghafla nguo ya kukamua. Mama Vifungo alijaribu kumnyang'anya Kibarua bata. Mtoto wa mbwa akadhani ni mchezo, akazidi kuvuta, na kila alipovuta bata akapiga filimbi, akakohoa.

"Mwache," alisema mpiga pasi. "Mwache acheze."

Akarudi ndani, akakaa kitandani, uso kwa uso na kabati.

Kabati lile ndilo lililokuwa fahari yake. Mumewe, fundi baiskeli, alilipata bure kwenye ofisi moja iliyokuwa ikibomolewa, akalileta kwa mkokoteni katika wiki ile ile ya mvua. Lilikosa mlango mmoja na mguu mmoja. Mguu ukawa matofali, mlango ukawa pazia. Kabla mbwa hajawa msiba, alilisifu kabati lile bombani hadi shoga zake wakamwomba awaonee huruma. Mume wangu ana jicho, alisema, anaona mbao ngumu pale wengine wanapoona kuni. Mumewe aliposikia hizo sifa alikuwa akiinuka, akatoka nje. Mkewe alidhani ni unyenyekevu.

Fundi baiskeli alirudi alasiri, mikono myeusi kwa grisi hadi viwiko. Alimkuta mkewe amekaa pale pale. Alisalimu. Akanawa kwa muda mrefu kuliko uchafu ulivyohitaji. Alipoulizwa habari za ndoo, aliuliza ndoo gani. Alipoambiwa ndoo ya uvunguni, alizungumza habari za panya, halafu za vumbi, halafu akaanza kueleza kuwa daktari fulani alisema manyoya ya mbwa yanaleta pumu.

"Sikuulizi habari za panya," alisema mkewe. "Yuko wapi?"

Mtu anayenyoosha ringi za baiskeli kazi yake ni kutafuta pale palipopinda. Fundi alitazama huku na huku ndani ya chumba kile, asione pa kushika. Akakaa sakafuni, akasema.

Ilikuwa siku ya kabati. Alifungua geti pande zote mbili ili mkokoteni upite, akalizuia kwa tofali. Kabati likakwama kwenye kona ya korido, yeye na msukuma mkokoteni wakalisukuma, wakalivuta, wakalilaza, wakalisimamisha, mvua inawapiga, na geti likasahaulika. Msukuma mkokoteni alipoondoka, Bwana Afya alimsindikiza, kwani hakuna mgeni aliyewahi kuondoka nyumba ile bila kusindikizwa naye. Fundi alipotoka kurudisha kamba aliyoazima, alimkuta barabarani mbele ya karakana ya mbao. Lori lilikuwa limekwisha kupita. Alimfunika kwa turubai lile lile lililofunika kabati, akamzika nyuma ya karakana, kwenye ardhi laini.

Alirudi na maneno yakiwa tayari mdomoni. Akamkuta mkewe anafuta kabati kwa kitambaa kibichi, anacheka, na tangu kijana wao aondoke hakuwa amemsikia akicheka hivyo. Akasema moyoni, nitamwambia kesho. Kesho ikazaa kesho.

"Basi ungevitupa jalalani," alisema mkewe. "Kwa nini kibarazani?"

Alikwenda jalalani, fundi alisema. Aliinua mfuniko wa pipa. Mkono ukakataa. Vilikuwa vizima bado.

Na hapo ndipo ulipo msiba wa watu hawa. Katika chumba kile chupa iliishi mara tatu kabla haijafa, msumari uliopinda ulinyooshwa, na nepi za mtoto aliyekwisha kuota ndevu zilikuwa bado zinafuta meza. Kila jioni mwanamume huyu aliruka soksi na bata mlangoni pake, kama mtu anayeruka kaburi, akachoka. Lakini kutupa kitu kizima hakuweza. Akakikabidhi Usiulize, akiamini sheria ya kibaraza itamsitiri kama ilivyowasitiri wengine. Uongo unahitaji mtu mbadhirifu. Angekuwa mharibifu wa mali, angekuwa salama hadi leo.

Mpiga pasi hakulia. Alisimama, akasogea hadi mbele yake.

"Nimezunguka mitaa nikiita maiti. Na wewe ulinifuata, unanishikia mwavuli." Sauti yake ilikuwa ndogo, na udogo huo ulitisha. "Na ukaita. Nilikusikia ukiita."

"Niliita ili usiite peke yako."

"Usinipambie maneno."

Fundi akainamisha kichwa. Kisha, kama mnyama aliyebanwa kwenye kona, akauma: akasema kwamba hata yeye mama amekuwa akimwambia mtoto mbwa amelala. Je, huyo aliyelala ni mbwa gani?

Neno lilipotoka alitamani kulirudisha. Mkewe alilipokea usoni, akaketi tena taratibu, kama aliyepigwa kofi na mtu mwenye haki ya kupiga. Nje, Mama Vifungo alikuwa akiwafukuza watoto waliokuwa wamekusanyika dirishani, akiwaambia hapa hakuna sinema.

Simu ikaita.

Ilikuwa juu ya kabati, inatetemeka na kutembea kidogo kidogo kwenye ubao. Wote wawili walijua ni nani. Mpiga pasi aliichukua, akaitazama. Angeweza kusema amelala. Neno lilikuwa pale pale lilipozoea kukaa, jepesi, tayari, na mumewe alikuwa akimtazama kwa macho yanayomwomba aliseme, leo tu, mara moja tu, wapate nafasi ya kupumua. Akayaona macho hayo, akamwonea aibu, akajionea aibu na yeye.

Akapokea. Akamsalimu mwanawe, akapokea shikamoo yake. Swali likaja kama lilivyokuja kila Jumapili, la kwanza, kabla ya hali, kabla ya kazi.

"Baba yako yupo hapa," alisema. "Zungumza naye."

Akamnyooshea mumewe simu. Fundi hakuipokea mara moja. Mkewe hakuushusha mkono.

"Sijui kama leo nitalala chumba kimoja na wewe, au na kabati lako," alimnong'oneza. "Hilo tutalijua baadaye. Lakini mtoto hatutamfanya ulivyonifanya wewe. Shika."

Akashika. Kutoka upande wa pili ilisikika kelele ya watu wa kambi yao ya ujenzi, vyuma vinagongana, halafu sauti ya kijana ikiuliza mbona mama sauti yake iko vile, kuna mgonjwa? Fundi baiskeli alifunga macho. Mkewe alisimama karibu naye, hakumgusa, hakumwacha.

"Mwanangu," alisema, "tafuta pa kukaa kwanza. Nitakuambia habari za Bwana Afya, zote, tangu geti nililoliacha wazi hadi mahali nilipomlaza. Sitapunguza hata neno, na hata ukinitukana, nakuahidi sitakata simu."