Sauti ya Kafedha Iko Nairobi

Kafedha alikuwa akiwapakulia makuli mbaazi, pale juu ya kivuko cha Likoni, sauti ilipomtoka katikati ya "Karibuni". Makuli hawakuinua macho. Ruwa, jirani yake, kijana ambaye mdomo wake haujui likizo, alimeza hamri lake akasema, "Mheshimiwa kasimama."

Ndivyo ilivyokuwa tangu mwaka ule wa uchaguzi, 1948. Wazungu walipiga kura wakachagua watu wao, Wahindi wao, Waarabu wao. Waafrika hawakupiga, Gavana aliwateulia wa kuwasemea. Mmoja wa hao, kila aliposimama kwenye Baraza la Kutunga Sheria, Nairobi, alisema kwa sauti ya Kafedha, na lafudhi yake ya Kigiriama. Hakuna aliyeuliza, kwani bwana huyo akisimama ndipo wenziwe wanapotoka kunywa chai. Akiketi, sauti hurudi Likoni imekauka kidogo. Kafedha huinywesha maji, akaendelea kuuza.

Shida ilikuja na shamba. Mzungu mmoja alilitaka shamba la mihogo la Kafedha, kuelekea Shelly Beach, ajenge hoteli. Bwana Ardhi, afisa wa serikali wa mashamba, akatangaza: asiyekubali aje ofisini aseme kwa kinywa chake, anayenyamaza amekubali.

Kafedha alifika mapema, kavaa hando lake jipya la marinda. Alipoitwa akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Ruwa akaomba amsemee. Akaambiwa Waafrika wameshateuliwa wa kuwasemea. Na kweli, kwenye redio ya Bwana Ardhi pale dirishani, sauti ya Kafedha ilikuwa ikiishukuru serikali kwa kuwatunza vyema watu wa pwani.

"Hiyo sauti si yako?" Bwana Ardhi aliuliza.

Kafedha hakuwa mtu wa uongo, hata wa kichwa. Akaitikia kwa kichwa. Bwana Ardhi akagonga muhuri.

Sauti ilimrudia siku ya kuhama, yeye na Ruwa wamebeba mlango wa nyumba.

"Ruwa, Mheshimiwa huyu tutamtoaje?"

"Wenye kura wakichoka na mtu wao, wanamtoa kwa kura. Wetu kawekwa na Gavana, mama."

"Na Gavana?"

"Kawekwa na Mfalme."

"Mfalme naye alipigiwa kura na nani?"

"Mfalme huzaliwa tu."

Kafedha akatua upande wake wa mlango.

"Mbona hata mimi nili—"

Ruwa alingoja kidogo. Mheshimiwa alikuwa kasimama tena, na siku hiyo alikuwa na mengi. Wakauinua mlango, wakaendelea.