Bega Chini ya Ngazi

"Simfuti, shemeji. Hata ukilala hapo mlangoni, simfuti."

"Ni wino kidogo tu," alisema shemeji yake. "Nusu saa haifiki."

"Basi shika brashi ufute mwenyewe."

Shemeji hakuishika. Alikuwa afisa wa urithi wa halmashauri ya jiji, mtu wa kalamu na mihuri, na brashi yenyewe ilikuwa na nywele tatu. Mama Giza aliirudisha kikombeni, akafuta mikono kwenye aproni. Jina hilo walimpa wateja. Kwa miaka ishirini na sita, kila aliyemuulizia alijibiwa kwamba yuko gizani, anasafisha picha.

Picha iliyowagombanisha ilikuwa kwenye kamba, bado inachuruzika maji. Ilikuwa ya Jumba la Forodha, nyeusi na nyeupe, imepigwa asubuhi na mapema wakati mtaa uko mtupu. Halmashauri ilitaka mtaa mtupu. Ilikuwa inatoa kitabu cha mji mkongwe, na picha hiyo ndiyo ingekaa kwenye jalada. Lakini chini ya ngazi kubwa ya mawe, pale inapoinama, alisimama mwanamke mwenye karai la chokaa miguuni. Bega lake la kushoto lilikuwa limeibeba ngazi.

Si yeye peke yake. Walitokea katika picha zote arobaini za kitabu. Kwenye filamu ya rangi hawakutokea. Mama Giza alijaribu. Kwenye nyeusi na nyeupe walikuwepo kila penye mzigo, chini ya matao, chini ya roshani, kwenye pembe za kuta, wanaume kwa wanawake, kope zao nyeupe kwa chokaa. Hakuna aliyetazama kamera. Walikuwa kazini.

Jumatatu alikuwa amemfuta mmoja, mwanamume aliyeshikilia tao la mtaa wa mafundi saa, kwa sababu shemeji alimbembeleza sana. Kabla wino haujakauka tao lilianguka juu ya gari la halmashauri. Mhandisi alikuja, akapima, akaandika kwenye ripoti kuwa chanzo ni kufutwa kwa mtu aliyelishikilia. Mama Giza alirudi kupiga picha mahali pale mara tatu. Yule mtu hakuwepo tena, wala katika picha nyingine yoyote. Baada ya hapo halmashauri ilikubali watu wabaki katika kurasa za ndani. Kwenye jalada, hapana.

"Mkurugenzi anataka jalada safi," alisema shemeji. "Huyo mama anachafua ukuta."

"Huyo mama unamjua?"

"Nitamjuaje, na uso kageuza?"

"Ni mama mkwe wako."

Shemeji aliushusha mguu aliokuwa ameuweka juu ya kiti. Alifunga kifungo cha juu cha shati, akaiinamia picha. "Shikamoo, mama." Kisha akamgeukia Mama Giza kwa sauti ya chini. "Hivi wewe una akili? Saa nzima nimekaa hapa kama niko kijiweni, na mama yuko mbele yangu!"

"Sasa umemjua. Bado unataka afutwe?"

Shemeji alitazama sakafu. Alisema yeye ni mtu wa kutumwa. Mama Giza asipofuta, saa nane negativu ya picha inakwenda kwa mtu wa kompyuta, na huyo hana habari ya brashi, anabonyeza tu. Ngazi wamekwisha kuiagizia vyuma vya kuiegemeza.

"Ngazi ina vyuma. Na mama?"

Mama walimzika miaka kumi na mmoja iliyopita. Yule wa kwenye tao walikuwa wote wawili wameona alikokwenda, yaani hakuwa popote tena.

Mama Giza alitundika aproni, akaweka filamu mpya kwenye kamera, akaivaa shingoni.

"Twende," alisema.

Walipita mji mkongwe kwa miguu, jua likiwa utosini. Shemeji alitembea katikati ya barabara. Kiwiko chake kilipogusa ukuta wa duka la vitambaa alisema samahani, akaendelea. Mama Giza alijua kila mmoja aliposimama. Katika uchochoro wa wachapaji walikuwa kumi na wawili, viganja juu, hivyo kila mpita njia alipita chini ya kwapa zao. Kwenye mnara wa saa walikuwa wamepandiana mabegani, mmoja juu ya mwingine, mpaka juu kabisa ambako msichana wa miaka kama kumi na minne alikuwa ameikumbatia kengele. Siku picha ile ilipojitokeza ndani ya dawa, uso baada ya uso kutoka chini kwenda juu, Mama Giza, asiyekuwa mtu wa kulialia, aliketi sakafuni akaitazama mpaka karatasi ikapitiliza ikawa nyeusi. Ilibidi achape nyingine. Mji mzima ulikuwa umebebwa, na hakuna aliyekuwa ameambiwa atue.

Kwenye Jumba la Forodha watu walipanda na kushuka ngazi na mafaili yao. Ukutani, karibu na mwanzo wa ngazi, palikuwa na kibao cha shaba: Jumba hili lilijengwa na Mkuu wa Forodha, na baada ya moto likajengwa upya na mwanawe. Hao wawili hawakutokea katika picha hata moja. Mkurugenzi wa halmashauri alikuwa mjukuu wa yule wa kwanza.

Mama Giza aliinama chini ya ngazi, akapapasa jiwe. Palikuwa na kishimo laini, kipana kama kikombe. Mama yake alikuwa na bega la kushoto lililoshuka. Kila gauni lilimteleza upande huo, watoto wakimtania, naye akisema amezaliwa nalo.

"Yule wa kwenye tao alikwisha kwa sababu hakuwa na pengine pa kuwa," alisema Mama Giza. "Mimi ninapo. Wakinifuta kwenye karatasi, hapa bado nimesimama."

"Na watoto?"

"Wakubwa hao. Chakula kiko kwenye sufuria, wapashe moto."

"Mpaka lini, shemeji?"

"Mama kabeba tangu ule moto, miaka hamsini na miwili. Ngoja kwanza apumzike."

Alirekebisha mwanga na umbali, akamkabidhi kamera, akamwonyesha pa kubonyeza. Kisha akaingia chini ya ngazi, akaweka bega la kushoto kwenye kishimo. Lilikaa sawasawa.

"Mama, nimeshika. Toka."

Uzito haukuja wote. Ulikuja kidogo kidogo, kama wa mtu anayekutwika mzigo na hajakuamini bado. Kisha ukaja wote, ngazi na waliokuwa juu yake na mafaili yao, na Mama Giza akapanua miguu, akakaza magoti. Kola ya blauzi yake ilinyooshwa. Pembeni karai liligeuzwa, na mtu akaketi juu yake akashusha pumzi ndefu.

"Pole na kazi, mama," alisema shemeji, kuelekea pembeni.

"Piga, shemeji, saa nane inafika. Hii ndiyo uwapelekee."

Akapiga.

Mhudumu wa jumba alishuka na kitambaa na kopo la dawa ya shaba, kama kila siku saa hiyo. Alimwomba Mama Giza ainamishe kichwa kidogo. Mama Giza akainamisha, na mhudumu akakisugua kibao mpaka majina yale mawili yakang'aa, akashukuru, akapanda ngazi kurudi ndani.